Si kila anwani ya buluu ni ya kweli

Kila wiki, katika vikundi vya WhatsApp vya watumikaji wa Kolwezi na Fungurume, inapita mesaji yenye sura ileile. Kampuni kubwa ya shaba inatafuta mashofere, mafundi wa mitambo, walinzi, wapishi. Mshahara mnono, nyumba, matunzo ya hospitali. Chini ya maneno hayo kuna anwani ya intaneti, rangi yake buluu, imepigwa mstari chini. Unagusa, ukurasa unafunguka. Kuna picha ya kamyo kubwa la mgodi, kuna alama ya kampuni. Wanaomba jina, namba ya kadi ya mpiga kura, namba ya telefone. Halafu wanaomba dola 20 "za dosie", uzitume kwa telefone hiyohiyo. Ukishazituma, kimya.

Mesaji ya namna hii inatufikia siye madelege wa sendika ikiwa imeshazunguka mji mzima. Vijana wanatuuliza: "Delege, hii iko ya kweli?" Tukisema hapana, wanabisha: "Lakini si iko buluu? Kama ingekuwa ya bongo, telefone haingeiweka buluu." Jibu hilo tumelisikia Manika, tumelisikia Dilala, tumelisikia kwa mama mmoja wa Kapata aliyekuwa ameshatuma feza ya masomo ya watoto, juu bwana yake alikuwa ameachishwa kazi na nyumbani hakukuwa tena na kinachoingia. Mama yule si mjinga. Aliamini tu kwamba chombo kilichonunuliwa kwa bei kali kimeshapima kabla yake.

Tumeona basi vema kueleza nani anaipaka anwani rangi ya buluu, na anaangalia kitu gani. Ni jambo la watu wa informatiki, lakini halizidi akili ya mtu aliyemaliza sekondari. Siye wenyewe hatukwenda mbali kuliko hapo.

Wachimbaji wa Kasulo na wale wanaopeleka mizigo Musompo wanajua kwamba rangi ya jiwe si teneri yake. Malakiti ni ya kijani, inapendeza macho, mtoto anaiokota njiani na kuileta nyumbani. Jiwe la kobalti ni jeusi, mtu asiyejua anaweza kulitupa. Hakuna mnunuzi anayelipa rangi. Anapima kwa metoreksi, na hata metoreksi tunagombana nayo kila siku, juu kila depo ina yake na kila moja inasema namba yake. Basi rangi ya buluu ya anwani ni rangi ya jiwe. Hakuna metoreksi iliyopita pale.

Kinachofanyika ndani ya telefone ni hiki. Mesaji inapoingia, programu haiendi kugonga mlango wa anwani ili ijue nani anakaa ndani. Inapitisha macho juu ya herufi, moja baada ya nyingine, ikizilinganisha na kanuni fupi iliyoandikwa na fundi. Kanuni inasema: nikiona herufi hizi, kisha alama hizi, kisha herufi zozote zisizokatwa na nafasi tupu, hiyo ni anwani, nipake buluu. Kanuni ya namna hiyo Wafaransa wanaiita expression régulière. Mafundi duniani kote wamelifupisha jina, nasi tutasema rejeksi. Rejeksi inaelezea umbo la maandishi. Haijui maana yake, na kama mwandishi ni mwizi haijui pia.

Ina umri kuliko telefone zetu. Mwanahesabu Mmarekani Stephen Kleene aliitunga mwaka 1951 na kuichapisha mwaka 1956. Wakati ule hakuwaza habari ya intaneti, haikuwepo. Alikuwa anatafuta namna ya kuandika kwa hesabu mambo ambayo mishipa ya fahamu inaweza kuyatambua. Mwaka 1968 Mmarekani mwingine, Ken Thompson, alionyesha jinsi ordinateri inavyoweza kuitumia kutafuta maneno ndani ya maandishi marefu. Tangu hapo imeingia kila mahali: kwenye benki, kwenye magazeti, kwenye telefone iliyo mfukoni mwako.

Siye tulikutana nayo kwa sababu ya wingi wa kazi. Watumikaji walikuwa wametutumia mamia ya mesaji za kutia shaka, na tulitaka kutoa anwani zote zilizomo, tuone zipi zinarudiarudia. WhatsApp inakubali kutoa mazungumzo yote ya kikundi kama faili moja ya maandishi. Faili ilikuwa ndefu kama barabara ya Likasi. Kuisoma kwa macho, ni siku nne. Kijana mmoja anayesoma informatiki, mtoto wa mwenzetu wa mtambo wa kusaga mawe, alikuja na ordinateri yake, akafungua faili, na katika kisanduku cha kutafutia akaandika hivi:

https?://\S+

Tulifikiri amekosea kuandika. Alituelezea kipande kwa kipande, na tunawapa kama alivyotupa. Herufi "http" ni zenyewe, zitafutwe kama zilivyo. Alama ya kuuliza baada ya "s" haiulizi kitu, inasema: hiyo "s" inaweza kuwepo au kukosekana. Hivyo kanuni inashika "http" na "https" kwa pamoja. Halafu nukta mbili na vifito viwili vilivyoinama, kama vilivyo. Kisha "\S" yenye S kubwa: alama yoyote, mradi isiwe nafasi tupu. Na kile kijumlisho cha mwisho kinasema: moja au zaidi, endelea mpaka utakapokutana na nafasi.

Alipobonyeza, ordinateri haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Anwani zote zilisimama kwa rangi, mbele yetu, mamia. Baadhi yetu tulipiga makofi.

Lakini tulipoanza kuzisoma tuliona takataka imeshikamana. Mtu alikuwa ameandika sentensi, mwisho wake anwani, halafu nukta ya kumaliza sentensi. Kwa kanuni ile nukta si nafasi tupu, basi imebebwa na anwani. Mwingine aliweka anwani ndani ya mabano, na bano la kufunga likabebwa. Mwingine alitia koma. Ni kama mchimbaji anayejaza mfuko bila kuchagua: shaba imo, udongo umo. Kijana akaongeza mkia kwenye kanuni:

https?://\S*[^\s.,;:!?)"]

Ndani ya mabano ya mraba, kile kikofia cha mwanzo kinasema "isiwe". Yaani alama ya mwisho ya anwani isiwe nafasi, isiwe nukta, isiwe koma, wala alama ya kuuliza, wala bano la kufunga, wala alama ya kunukuu. Nukta zilizo katikati zinabaki salama, juu anwani haiishi bila nukta. Ya mwisho peke yake njo inaangushwa. Kwa kanuni hii faili yetu ilitakata, isipokuwa sehemu moja.

Sehemu hiyo ni mabano. Ziko anwani za kweli zinazoishia na bano la kufunga. Wikipedia inazo nyingi, juu inatofautisha mto na mkoa wenye jina moja kwa kuweka neno ndani ya mabano mwishoni. Ukikataza bano mwishoni, unaziua anwani hizo. Ukiliruhusu, unabeba mabano ya watu waliofunga sentensi zao. Mwaka 2010 Mmarekani John Gruber alitoa hadharani rejeksi ndefu iliyojaribu kumaliza ugomvi huu: bano la kufunga linakubaliwa kama lina mwenzake wa kufungua ndani ya anwani, la sivyo linaachwa nje. Ni kazi ya fundi hodari, na kuisoma kunaumiza kichwa. Siye tulibaki na kanuni yetu fupi. Wezi wa kazi hawaandiki Wikipedia.

Msomaji atasema: mbona watu wengi hawaandiki "https" kabisa? Ni kweli, wanaandika jina tu na mkia wake, na telefone inaipaka buluu vilevile. Inajuaje? Kwa orodha. Ndani ya Android, mfumo wa telefone nyingi za hapa kwetu, kuna rejeksi ndefu sana iliyobeba orodha ya mikia yote inayotambuliwa duniani: .com, .org, .net, na mikia ya nchi, moja moja. Mikia yote sasa imepita 1000. Uswisi ni .ch, China ni .cn, Zambia ni .zm, Afrika Kusini ni .za. Siye ni .cd. Wazee watakumbuka kwamba zamani tulikuwa .zr, mkia wa Zaire. Nchi ilibadilisha jina mwaka 1997, mkia mpya ukaja mwaka huohuo, na ule wa zamani ukafutwa kabisa mwaka 2001. Mobutu aliondoka, mkia wake ukabaki miaka minne.

Orodha hiyo inatuletea siye wasemaji wa Kiswahili kichekesho. Mikia ya nchi ina herufi mbili, na Kiswahili kimejaa maneno ya herufi mbili ambayo tunapenda kuanzia sentensi. Wengi wetu hatuachi nafasi baada ya nukta, tunaandika mbiombio tukiwa kwenye basi la kampuni. Sasa angalia: "Kesho tunakutana rond-point.Je mtakuja?" Mkia .je upo, ni wa kisiwa cha Jersey, karibu na Ufaransa. Telefone yenye kanuni legevu inaona "rond-point.Je" na kuipaka buluu, kana kwamba mkutano wetu una ofisi kisiwani. "Mishahara imeingia.Na prime?" Mkia .na ni wa Namibia. "Barua tumeshaandika.Ni zamu yao." Huo ni wa Nicaragua. Delege mmoja wa kwetu aligusa buluu ya namna hiyo na kupata ukurasa wa kosa, akaja kutuambia kuna mtu ameingia kwenye kikundi chetu kutupeleleza. Ilikuwa ni nukta tu bila nafasi.

Tunacheka, lakini mfano huo unaonyesha jambo zito: kama telefone inaweza kupaka buluu neno "imeingia.Na", ambalo hakuna mtu aliyekusudia liwe anwani, ni wazi haikuchunguza kitu. Imeona umbo.

Kuna pia hasara ya upande wa pili, na hiyo inagusa haki zetu kuliko dola 20. Mara nyingine anwani ni ya kweli kabisa, lakini haifunguki, na watu wanaamua kwamba wamefichwa kitu.

Wote mnajua habari ya mikataba. Dekri namba 011/26 ya tarehe 20 Mei 2011 inaidai serikali itangaze hadharani kila mkataba wa madini, mafuta na misitu, ndani ya siku 60 tangu uanze kutumika. Nchi yetu iliingia ITIE mwaka 2005, na ripoti za ITIE zinaeleza nani amelipa nini kwa nani. Kodi ya madini ya mwaka 2018, yaani sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi, imeongeza mengine: kampuni itoe walau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji walio kando ya mgodi, na ahadi zake ziandikwe katika cahier des charges. Hati hizi ziko kwenye intaneti. Mikataba mingi ya Kongo inasomeka kwenye resourcecontracts.org bila kulipa chochote isipokuwa mega. Lakini mtumikaji hafiki pale kwa kutembea. Anafika kwa anwani ndefu iliyoandikwa chini ya ukurasa wa ripoti, kwa herufi ndogo.

Katika mkutano wa mtaa mmoja, mwenzetu alisimama na karatasi. Alisema: "Banasema mkataba iko kwa intaneti. Nimeijaribu mara tatu, haifunguke. Bameitosha." Watu wakapandisha hasira, na wengine wakataka kwenda barabarani kesho yake. Tuliomba karatasi ile. Anwani ilikuwa imekatika mwisho wa mstari na kuendelea mstari wa chini. Programu iliyotengeneza buluu ilishika nusu ya juu tu, juu kwa kanuni yake mwisho wa mstari ni sawa na nafasi tupu. Nusu ya chini ilibaki nyeusi, pamoja na nukta ya kumalizia sentensi. Tuliunganisha nusu mbili, tukaondoa nukta, mkataba ukafunguka, kurasa zote. Tulizisoma jioni ile na jioni iliyofuata, na hasira ya mkutano ilipata mahali pazuri zaidi pa kwenda: kifungu kwa kifungu, badala ya nukta.

Waliotunga utaratibu wa anwani waliiona hatari hiyo mapema. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyeanzisha kurasa za intaneti akiwa Geneva, ni mmoja wa waandishi wa hati ya Januari 2005 inayoitwa RFC 3986, ambayo mpaka leo inasema anwani iandikwe namna gani. Mwishoni mwa hati kuna maelezo juu ya anwani iliyo katikati ya maandishi ya kawaida. Wanashauri izungukwe na alama < na >, ili msomaji na mashine wajue inaanzia wapi na kuishia wapi. Wanaonya pia juu ya kistari cha kukatia neno: wachapishaji wanaweza kukitia mwisho wa mstari anwani inapokatwa, na mtu akikinakili anwani inakufa. Gazeti hili lina safu nyembamba. Anayekata ukurasa huu ili atunze anwani ya mikataba, asitie kistari ambacho hakimo: resourcecontracts ni neno moja, halina kistari.

Madelege wanaoandika ripoti za mikutano, tunawaomba jambo moja dogo: anwani ikae kwenye mstari wake peke yake, bila nukta nyuma.

Turudi kwa wezi. Tumesema rejeksi inaona umbo, na mwizi analijua umbo kuliko siye. Anwani yake ina https, ina nukta, ina vifito, inapita mtihani wote. Hata ile "s" na picha ya kufuli isikudanganye. Maana yake ni kwamba maneno yanayotoka kwenye telefone yako yanasafiri yamefungwa, mtu wa njiani hayasomi. Haisemi yanafika kwa nani. Tangu mwaka 2015 shirika la Let's Encrypt linatoa kufuli hizo bure kwa kila anayeomba, jambo jema, na wezi nao wanaomba. Kwa hiyo baada ya mashine, lazima jicho la mtu lipite.

Jicho linapita hivi. Tafuta vifito viwili vya mwanzo. Kutoka hapo nenda mpaka kifito kimoja kinachofuata. Kati ya hivyo viwili njo jina la mwenye nyumba. Mengine yote baada ya hapo ni vyumba vya ndani, na mwenye nyumba anaviita anavyotaka. Sasa lisome jina hilo kutoka kulia kwenda kushoto, kinyume na tulivyofundishwa shuleni. Mkia kwanza, halafu neno lililo mbele ya mkia. Mara nyingi maneno hayo mawili njo bwana mwenyewe. Yaliyo kushoto zaidi ni watoto wake.

Tuchukue mifano. Majina tumeyatunga, kampuni ya mgodi-wetu hatuijui:

https://mgodi-wetu.cd/kazi
https://mgodi-wetu.cd.kazi-haraka.com/kazi
https://kazi-haraka.com/mgodi-wetu.cd/kazi
https://mgodi-wetu.cd@kazi-haraka.com/kazi

Ya kwanza, mwenye nyumba ni mgodi-wetu.cd. Ya pili inaanza sawasawa, jicho la haraka linaridhika pale pale, lakini soma kutoka kulia: .com, kazi-haraka. Bwana ni kazi-haraka, na mgodi-wetu ni mtoto aliyempa jina la watu. Ya tatu imeweka jina la kampuni kama jina la chumba. Ya nne ina ujanja wa zamani: kilicho mbele ya alama ya @ kinahesabiwa kama jina la mgeni anayeingia, nyumba yenyewe ni ile iliyo baada yake. Zote nne telefone inaweza kuzipaka buluu ileile.

Kuna na ujanja wa herufi. "r" na "n" zikisogeana zinafanana na "m", hasa kwenye kioo kilichopasuka, na vioo vizima Kolwezi ni vichache. Sufuri inakaa mahali pa "o". Kuna na anwani fupi, kama zile za bit.ly, ambazo zinaficha anwani ndefu ndani yake. Mkia .ly, kwa taarifa yenu, ni wa Libya. Anwani fupi si kosa, hata watu waaminifu wanazitumia kupunguza urefu, lakini kwa tangazo la kazi siye tunasema hapana: mwenye kampuni hana sababu ya kuficha jina lake.

Mtu anaweza kuuliza: basi si mwandike rejeksi inayokubali anwani ya kweli ya kampuni peke yake, na kuangusha nyingine? Inawezekana, na tumefanya hivyo kwa orodha fupi ya makampuni ambayo anwani zao tulizichukua kwenye barua rasmi, si kwenye mesaji. Lakini hapa rejeksi ina mtego. Mtu akiandika kanuni "mgodi-wetu.cd" hivyo hivyo, amejipiga mwenyewe. Kwanza, ndani ya rejeksi nukta tupu haimaanishi nukta, inamaanisha alama yoyote ile, kwa hiyo hata "mgodi-wetuxcd" inapita. Ili iwe nukta lazima utangulize kifito cha nyuma. Pili, kanuni hiyo haikufungwa mwanzo wala mwisho, inatafuta maneno hayo popote yalipo. Ukiangalia mifano yetu minne, zote zinayo ndani yake, basi zote zinapita. Kanuni inayofunga mlango ni hii:

^https://(www\.)?mgodi-wetu\.cd(/|$)

Kile kikofia cha mwanzo, kikiwa nje ya mabano ya mraba, kinasema "anwani ianzie hapa, pasiwe na kitu mbele yake". Mabano ya mwisho yanasema: baada ya .cd kuwe na kifito, au maandishi yaishe. Anwani ya pili inaanguka juu baada ya .cd ina nukta. Ya tatu inaanguka juu haianzi na jina hilo. Ya nne inaanguka juu ya alama ya @. Kijana wetu alitumia jioni nzima kuijaribu kwa anwani za bongo alizozitunga mwenyewe, moja mbaya kuliko nyingine. Siye tulimpikia bukari.

Hata kanuni hiyo haipeki mtu kazi. Inasema tu kwamba anwani inaelekea kwa kampuni yenyewe. Kama nafasi ipo au haipo, hilo linaulizwa kwenye ofisi ya wafanyakazi ya kampuni, au ONEM, kwa miguu. Na popote wanapokuomba feza ili utafutiwe kazi, anwani ikiwa nzuri au mbaya, funga telefone.

Jamaa zetu mliopata mesaji za namna hii, mpeni delege wa kitengo chenu. Msiguse buluu. Wekeni kidole juu ya mesaji yote mpaka telefone iwaonyeshe neno la kutuma mbele, halafu mtume. Tunaomba maandishi yenyewe, si picha ya kioo. Wengi wanatutumia picha, na tunawashukuru, lakini tunalazimika kuziandika upya kwa mkono, herufi kwa herufi, juu rejeksi haisomi picha.